Nani alibaki naye? Historia ya kuwasaidia watu wazima walioumia kichwa



Mfuko wetu wa kusaidiana unajua vizuri kumhesabu mtu aliyekatika mguu. Kilema chake kinaonekana. Komite inaandika jina lake, fimbo inanunuliwa, mtoto wake anasaidiwa minervali, na hakuna anayeuliza sababu. Lakini tuko na ndugu wengine kati yetu ambao hawamo kwenye daftari lolote. Ni watu wazima walioumia kichwa. Mmoja alipigwa kitako cha bunduki wakati wa vita, mwingine alianguka toka juu ya mchikichi akikata ngazi, mwingine alipanda pikipiki bila kaske. Kidonda kimepona, nywele zimeota juu yake. Anatembea, anasalimu watu vizuri, anacheka. Kumbe ndani mambo yamegeuka. Anasahau ulichomwambia asubuhi. Anachoka kabla jua halijapanda. Anakasirika juu ya neno dogo. Anaweza kuuza jembe lake kwa bei ya sigara na jioni akalitafuta.

Watu wanamwita mlevi, mvivu, au wanasema amerogwa. Mke anabaki peke yake na mzigo. Na katika mikutano yetu swali linarudi kila mara: je, pesa ya mfuko itoke kwa mtu mwenye hana kilema cha kuonekana? Na kama itoke, tumlipie nini, wakati munganga mwenyewe alisema hana dawa nyingine ya kumpa?

Swali hili si geni. Watu wa nchi nyingine, katika vita vyao na ajali zao, waliliuliza mbele yetu. Nimeona vema nilijibu kwa njia ya historia. Katika kila habari nitakayowaeleza nitatafuta jambo moja tu: munganga alipomaliza kazi yake, nani alibaki na huyu mtu?

Waganga wa kale walitazama kidonda

Ujuzi wa kutibu kichwa ni wa zamani sana, na sehemu kubwa yake ilianzia hapa Afrika. Huko Misri iliandikwa karatasi ya mafunjo miaka karibu 3,600 iliyopita. Leo inaitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua mjini Luxor mwaka wa 1862. Ndani yake mna habari za majeruhi 48, na 27 kati yao wameumia kichwa. Mwandishi anamwelekeza munganga apapase kidonda kwa kidole, aangalie damu ya puani na masikioni, aone kama mgonjwa anaweza kusema. Kisha anatoa hukumu moja kati ya tatu: huyu nitamtibu, huyu nitapambana naye, huyu hatibiki.

Karibu zaidi nasi, Wakisii wa magharibi mwa Kenya walikuwa na mafundi wao walioitwa omobari. Mtu aliyepigwa kichwa na kubaki na maumivu yasiyokwisha alipelekwa kwa fundi. Ndugu zake walimshika, ngozi ikapasuliwa, na mfupa wa kichwa ukakwanguliwa polepole. Madaktari wa karne ya 20 waliiona kazi hiyo kwa macho yao na kuiandika. Wengi wa waliopasuliwa waliishi.

Ile karatasi ya Misri inasema habari ya kidonda, haisemi habari ya nyumbani. Haituambii mtu aliyepona lakini asiyeweza tena kutafuta neno alikula kwa nani, wala nani alimwongoza njiani. Kazi hiyo ilifanywa na mama, wake na ndugu, na haikuandikwa popote. Tukumbuke jambo hilo, kwa sababu mpaka leo katika vijiji vyetu iko vile vile.

Mwanamke aliyesubiriwa na wenzake

Tuvuke bahari twende Marekani wakati wa utumwa. Harriet Tubman alizaliwa mtumwa huko Maryland karibu na mwaka wa 1822. Alipokuwa bado kijana, msimamizi mmoja alimrushia mtumwa mwingine jiwe la chuma la kupimia uzito, la karibu kilo moja, mtumwa huyo alipotaka kukimbia. Chuma hicho kilimpiga Harriet kichwani. Mama yake ndiye aliyemuuguza. Tangu siku hiyo, maisha yake yote, alikuwa na maumivu makali ya kichwa, na usingizi ulikuwa unamkamata ghafula hata katikati ya maneno.

Kwa bwana wake alikuwa mali iliyoharibika. Lakini mwaka wa 1849 alitoroka, akafika kaskazini kwenye uhuru. Kisha akafanya jambo ambalo sisi tuliokimbia tunajua uzito wake: alirudi kuwachukua wengine. Alirudi mara 13 hivi, na kuwatoa watu karibu 70, usiku kwa usiku, kwenye misitu na mabwawa.

Safarini usingizi ulimkamata vile vile. Wenzake walifanya nini? Walingoja. Walikaa kimya kando yake mpaka azinduke, kisha wakaendelea naye kwa sababu yeye ndiye alijua njia. Hakuna aliyesema huyu ni mgonjwa, tumwache. Waliijua hali yake, wakaipangia nafasi katika safari. Baada ya vita vya Marekani aliishi Auburn, na mwenye kichwa kibovu ndiye aliyepigania nyumba ya kutunzia wazee maskini, iliyofunguliwa mwaka wa 1908. Alifariki mwaka wa 1913.

Nimemtaja kwanza kwa makusudi. Wengi wetu tunafikiri mtu aliyeumia kichwa ni wa kulishwa tu. Harriet alikuwa mgonjwa mpaka kufa kwake, na kazi yake iliwezekana kwa sababu walio pamoja naye walijua kungoja.

Msimamizi wa reli na farasi sita

Habari ya pili iko katika vitabu vyote vya waganga wa ubongo, lakini mara nyingi inasimuliwa nusu tu. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish katika Vermont, kijana wa miaka 25 jina lake Phineas Gage alikuwa anasimamia wafanyakazi wa kupasua miamba kwa baruti ili reli ipite. Baruti ililipuka mapema. Mtaimbo wa chuma wa zaidi ya mita moja, wenye uzito wa kilo 6, uliingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Gage hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa anazungumza. Daktari John Harlow alimtibu, na baada ya miezi michache akatembea.

Lakini alikuwa mtu mwingine. Zamani alikuwa msimamizi wa kutegemewa. Sasa akawa mkaidi, mwenye matusi, anapanga mambo kumi na kuyaacha yote. Kampuni ilikataa kumrudisha kwenye usimamizi wake. Rafiki zake walisema huyu siye Gage waliyemjua. Wengi wanaosimulia wanaishia hapo: ubongo umeharibika, tabia imeharibika, basi.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka wa 1852 Gage alikwenda Chile, akawa dereva wa magari ya abiria yaliyovutwa na farasi kati ya Valparaíso na Santiago. Alikaa kule karibu miaka 7. Mtafiti mmoja wa Australia, Malcolm Macmillan, alichunguza habari hizo na kuuliza: mtu asiyeweza kupanga jambo aliwezaje kuongoza farasi sita kwenye njia ya milima, katika nchi ya lugha ngeni, na abiria nyuma? Jibu lake ni kwamba kazi yenyewe ilimsaidia kujirekebisha. Saa ya kuamka ilikuwa ile ile, farasi wale wale, njia ile ile, na kila hatua ilifuata hatua iliyotangulia. Mpangilio ambao kichwa chake kiliupoteza alikuwa anaupata nje, katika ratiba ya kila siku.

Mwaka wa 1859 alirudi kwa mama yake San Francisco akiwa dhaifu. Alianza kushikwa na kifafa, na kifafa hicho kilimuua tarehe 21 Mei 1860. Hili nalo ni fundisho: kifafa kinaweza kuanza miaka mingi baada ya kuumia kichwa. Si pepo iliyotumwa na jirani.

Vita vikubwa, na karakana ya Frankfurt

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta jambo jipya. Hospitali zilipona na kuokoa askari wengi waliopigwa risasi kichwani, na nchi zikajikuta na vijana wengi walio hai lakini wasioweza kurudi kazini. Mwaka wa 1916, mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Kurt Goldstein alifungua taasisi kwa ajili yao. Pamoja na vitanda aliweka chumba cha vipimo, mafunzo na karakana. Alitaka kumwona mgonjwa akishika randa na nyundo, kwa sababu alijua kwamba mtu anaweza kujibu vizuri mbele ya daktari na kushindwa kabisa mbele ya kazi, au kinyume chake. Mwaka wa 1919 alitoa kitabu juu ya kuwatibu, kuwatunza na kuwapima waliojeruhiwa ubongo.

Goldstein aliona jambo ambalo kila mke wa mgonjwa anaweza kulithibitisha. Ukimpa mtu huyu kazi inayomzidi, au ukimweka katikati ya kelele na maswali mengi, anavurugika mzima: anatetemeka, anafoka, au ananyamaza kama gogo. Hata kazi ndogo aliyoiweza jana inamshinda. Ukimrudisha mahali penye utaratibu, penye kazi anayoiweza, anatulia na anakuwa mtu. Goldstein aliona pia kwamba wagonjwa wake walipenda kupanga vitu vyao kwa namna ile ile kila siku, na wakisumbuliwa katika hilo wanaumia. Hakuita ukaidi. Alielewa kwamba ndivyo wanavyojishikilia wasianguke.

Mwaka wa 1933 serikali ya Hitler ilimkamata, kwa kuwa alikuwa Myahudi na mwanasoshalisti. Akaachiliwa kwa sharti la kuondoka nchini. Akawa mkimbizi Amsterdam, kisha Marekani. Kazi ya miaka mingi ikakatika kwa sababu ya siasa. Sisi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kurasa 3,000

Katika Vita vya Pili, daktari Mrusi Alexander Luria aliongoza hospitali ya askari waliojeruhiwa ubongo kwenye milima ya Ural, mbali na mapigano. Mmoja wa watu aliowafuata ni luteni mdogo aliyejulikana kwa jina la Zazetsky, mwenye miaka 23, aliyepigwa kichwani Machi 1943. Aliposhika fahamu alikuwa haoni nusu ya kila kitu. Alikuwa amesoma shule kubwa. Sasa herufi zilikuwa michoro tu. Alitafuta jina la kijiko na hakulipata. Alipotea karibu na nyumba yao.

Mwalimu alianza kumfundisha alfabeti kama mtoto. Kusoma kulikuwa mateso, lakini kuandika kulikuwa na mlango wa siri: walipomwambia aandike neno zima bila kusimama kwenye kila herufi, mkono wake ulikumbuka wenyewe. Tangu hapo akaandika. Siku nyingine alipata mistari michache tu. Aliandika kwa miaka karibu 25, kurasa karibu 3,000, na mara nyingi hakuweza kusoma alichokiandika yeye mwenyewe. Alitaka watu wajue kilichompata, na alitaka kuyakusanya mawazo yake yaliyotawanyika. Luria alitoa kitabu juu yake, na kilipofasiriwa mwaka wa 1972 kikasomwa sehemu nyingi za dunia.

Zazetsky hakupona. Aliishi nyumbani kwa mama yake na dada zake. Hao walimsubiri alipotafuta neno, wakamtuma kazi moja moja, wakamwacha aandike. Na Luria alibaki rafiki yake kwa miongo. Wafadhili wapendwa, hesabu hii ni kwenu pia: kazi hii haikuwa mradi wa miezi 6.

Familia zilipokutana

Mpaka miaka ya 1970, katika nchi tajiri, familia nyingi za watu hao zilikuwa peke yao. Hospitali zilikuwa zimejifunza kuokoa maisha baada ya ajali za magari, kisha zikawarudisha watu nyumbani na karatasi ya kutoka. Nchini Uingereza mwaka wa 1979 ndugu wa majeruhi pamoja na watu wengine walianzisha chama kinachoitwa Headway. Nchini Marekani mwaka wa 1980 Marilyn Price Spivack na mume wake walianzisha chama cha taifa cha walioumia kichwa, miaka mitano baada ya binti yao kuumizwa katika ajali ya gari. Walikuwa wamezunguka wakitafuta mahali pa kumsaidia baada ya hospitali, na hawakupata.

Vyama hivyo vilianza kidogo sana. Watu walikusanyika, wakaeleza yanayowapata, na kila mmoja akashangaa kusikia mwenzake anasema mambo yake yeye. Kisha wakafungua nyumba za mchana: mtu aliyeumia anakuja asubuhi, anapika pamoja na wenzake, analima bustani, anacheza, anarudi jioni. Yeye anapata siku yenye mpangilio, na mama au mke anapata saa chache za kupumua. Leo Headway ina vikundi zaidi ya 100. Na mwaka wa 1996 Marekani ilipata sheria ya kwanza ya taifa juu ya majeruhi wa ubongo, baada ya miaka mingi ya familia hizo kugonga milango.

Sisi hatuna pesa za Uingereza. Lakini tazameni mwanzo wao: ulikuwa mitualite. Watu wenye tatizo moja walichangia walichokuwa nacho.

Karibu na miaka hiyo, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Kutoka hapo Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya kuwasaidia wenye ulemavu kijijini kwao, na kitabu chake kikatolewa mwaka wa 1989. Wazo lake ni rahisi: mtu mmoja wa nyumbani anafundishwa, na mtu mmoja wa kijiji anapita kuwaangalia. Wazo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu, zenye wataalamu wachache na majirani wengi.

Na sisi je?

Vita vilipoanza kwetu Kivu mwishoni mwa 1996, wengi wetu wa Fizi na Uvira tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, Lugufu mwaka uliofuata. Tangu Oktoba 2005 meli zilianza kuturudisha Baraka, na mwaka wa 2009 Lugufu ikafungwa. Historia hiyo tunaijua. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo hatujalizungumza vya kutosha.

Baadhi yetu tumeona ndugu walioumia kichwa wakiishi kambini kwa miaka bila shida kubwa, kisha baada ya kurudi nyumbani wakaharibika. Tulisema ni mizimu ya ukoo, au wivu wa walioachwa nyuma. Baada ya kusoma habari za Gage na za Frankfurt, mimi naona sababu nyingine. Sisemi kambi ilikuwa nzuri. Nani anaweza kusema vile? Lakini kambini siku ya posho ilijulikana. Bomba la maji lilikuwa pale pale. Nyumba zilikaribiana, na mtu akipotea mchana, jioni watoto wamemleta. Siku ya kugawa, jirani alisimama naye kwenye mstari na kumshikia kadi. Hakuna aliyeita jambo hilo huduma, lakini lilikuwa huduma.

Kurudi kulivunja yote hayo kwa safari moja. Jirani wa kambini alishukia Baraka na kwenda kwao, mwingine akaenda Uvira, mwingine Kalemie. Mtu aliyeishi kwa ratiba ya wengine akatakiwa ghafula kuchagua shamba, kujenga, kupatana na aliyekalia parseli yake, kukumbuka deni, kupanga msimu. Hiyo ndiyo kazi ambayo kichwa kilichoumia hakiiwezi. Tulirudi na blanketi, ndoo na majembe. Mtu wa kumkumbusha haingii kwenye mfuko wa posho.

Na hasara yake ni kubwa. Kuna parseli zilizouzwa kwa bei ya kuchekesha, mbele ya mashahidi waliojua wazi kwamba muuzaji haelewi anachofanya. Kuna wake waliokimbia kwa uchovu. Kuna watu waliofungwa kamba katika vyumba vya maombi wakati walikuwa na kifafa. Maombi ni mema, na hakuna anayeyakataza. Kamba si maombi.

Sheria iko upande wetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa. Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao mwaka wa 2015, na tangu Mei 2022 tuko na sheria yetu wenyewe. Ulemavu wa kichwa usioonekana ni ulemavu.

Tunachoomba mkutano mkuu uamue

Kwanza, wandikwe kwenye daftari la mfuko kama wengine. Kisichoonekana kitathibitishwa na familia, majirani na muuguzi wa sentre ya afya.

Pili, mfuko umlipie kila mmoja mtu wa kushinda naye, hata siku mbili kwa juma: kwenda naye shambani kwa njia ile ile, saa ile ile, kumpa kazi moja na kungoja aimalize kabla ya kumpa nyingine. Si kumfanyia. Ndivyo farasi wa Chile walivyomfaa Gage. Siku hizo mbili ni pumziko la mke au mama.

Tatu, parseli au shamba la ndugu wa namna hiyo lisiuzwe bila mtu wa komite na mtu wa familia kuwa mbele ya shefu. Mwenyewe awepo, asikilizwe, maana bado ni mwenye mali.

Nne, mfuko ulipe usafiri wa kwenda kuchukua dawa za kifafa, kwa kuwa dawa hizo zikiachwa ghafula hatari inazidi. Na sote tujifunze: mtu akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Kama haachi kutetemeka baada ya dakika 5, mpeleke hospitali. Na yeyote anayepigwa kichwa leo, akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamke vizuri, au maji yakimtoka puani au masikioni, asingoje kesho.

Tano, wamotari wetu na abiria wao wavae kaske. Majeruhi bora ni yule ambaye hatukumpata.

Wengine watasema: tutalipia mpaka lini, wakati mtu huyu haponi? Historia imejibu. Mama na dada za Zazetsky hawakungoja kupona kwake ndipo wakae naye, na walioandamana na Harriet hawakungoja apone ndipo wamfuate. Daftari litafunguliwa kwenye mkutano mkuu. Kila mwanachama aje na majina ya ndugu wa aina hii walio kwenye avenyu yake, na jina la mtu mmoja aliye tayari kushinda nao.